Kiwiko Kinapokunjika: Barua Zenu Kuhusu Refleksi za Utotoni

Mwezi uliopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, watoto wa shule ambao miili yao bado ina miitikio ya uchanga. Barua zikamiminika. Nimechagua tano. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: kazi yangu ni kuwasaidia watoto kutumia mikono na miili yao, kufunga vifungo, kushika penseli, kukaa kitini bila kuporomoka. Mtaani wananiita daktari wa mazoezi. Mimi si daktari, ila baada ya miaka ishirini na mitatu nimechoka kuwasahihisha.

Habari dada. Kijana wangu ana miaka minane, yuko Gredi 3. Kusoma kunamtesa. Anafuata mstari kwa kidole, akifika mwisho anapotea. Akiandika analala juu ya meza, kola ya shati ameitafuna mpaka imetoboka, na miguu ameizungusha kwenye miguu ya kiti. Mwalimu alituelekeza kwa kituo kimoja cha watoto. Walimweka kwa magoti na mikono sakafuni, wakamgeuza kichwa, kiwiko kikakunjika. Wakasema ameshikilia refleksi za utotoni, ndizo zinamzuia kusoma, na anahitaji vipindi 24 vya shilingi 3,500 kila kimoja. Baba yake anasema dawa ni kiboko. Mimi ninalia usiku kwa sababu mtoto huyu hakutambaa, alitoka kukaa akasimama, na nilimzaa kwa upasuaji. Ni mimi niliyekosea? – Mama Kijana, Umoja

Mama Kijana, pole. Tuanze na hicho kiwiko, maana kinataka kuwatoa 84,000.

Mtoto huzaliwa na refleksi, yaani miitikio ambayo hakufundishwa na hawezi kuizuia. Mguse shavu, atageuza mdomo kutafuta titi. Mtilie kidole kiganjani, atakikamata kama kondakta anavyoukamata mlango wa matatu. Kichwa chake kikishuka ghafla, atatupa mikono pande zote, vidole vimefunguka, kisha ataikusanya kifuani na kulia. Huo wa mwisho unaitwa mshtuko wa Moro, kwa jina la Ernst Moro, daktari wa watoto wa Heidelberg, Ujerumani, aliyeueleza mwaka 1918. Nyanya zetu hawakumjua Moro, lakini walijua kuwa kichanga hushtuka usingizini, wakamviringisha leso akatulia.

Halafu kuna ule ninaoupenda mimi. Mlaze mtoto wa miezi miwili chali, uso ugeukie kulia. Mkono wa kulia unanyooka, wa kushoto unakunjika karibu na kisogo. Ukimtazama kutoka juu, ni mtu anayevuta upinde. Huo upinde ndio waliokuwa wakiutafuta kwa kijana wako walipomgeuza kichwa.

Miitikio hii huendeshwa na shina la ubongo, kule chini karibu na shingo. Sehemu za juu za ubongo zinapokomaa, huishika hatamu. Mshtuko wa Moro na upinde hutulia kati ya miezi minne na sita, na kiganja huacha kukamata ovyo karibu miezi sita. Nimesema hutulia, sikusema hufutika. Mama yangu mzazi aliugua ugonjwa wa kusahau. Jioni moja, katika mwaka wake wa mwisho, nilimpitishia kidole kiganjani nikimpaka mafuta. Akakikamata. Nikamwambia, mama niachie, akanitazama kwa upole na mkono wake ukazidi kukaza. Hakuwa akinibania. Sehemu za juu zilikuwa zimechakaa, na kile kilichokuwa kimetulia kwa miaka themanini kikarudi.

Sasa tuje kwa watoto wa shule. Masalia ya miitikio hii hupatikana kwa watoto wenye shida ya kusoma, na hupatikana pia kwa watoto wanaosoma bila shida yoyote. Hoja ya kile kituo si ya kijinga. Kama kila kichwa kinapogeuka mkono unataka kunyooka, mtoto anaandika huku akipigana na mkono wake, na atachoka mapema. Mwaka 2000 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa na watafiti wa Belfast kwa watoto 60 wa miaka 8 hadi 11, wote wenye shida ya kusoma na wote wakiwa na ule upinde. Waliofanya mazoezi ya kuiga miitikio ya uchanga kwa mwaka mmoja walipungukiwa na upinde na kusoma kwao kukapanda kuliko wenzao wa makundi mengine mawili. Ni utafiti mzuri, na kila kituo kinachouza mazoezi haya huutaja. Lakini ni watoto 60, waliochaguliwa kwa sababu walikuwa na mambo yote mawili, na tafiti zilizofuata ni ndogo na hazikubaliani. Kutoka hapo hadi kumwambia mama wa Umoja kwamba kiwiko *ndicho* kinamzuia mtoto kusoma, ni mruko mrefu.

Nitakuambia kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado mgeni kazini niliwahi kumshughulikia msichana wa miaka saba kwa miezi minne mkekani. Kiwiko kilikunjika, nikafurahi nimepata chanzo. Tukatambaa, tukabingirika, tukapiga mbizi bila maji. Siku moja nilidondosha sanduku la shanga nyuma yake. Wenzake wote waligeuka, yeye hakugeuka. Alikuwa na maji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Miezi minne! Mama yake alikuwa akiomba ruhusa kazini kila Jumatano kwa ajili yangu.

Tangu siku hiyo ninafuata mpangilio mmoja, na ndio ninaokupa. Kwanza macho, ya karibu na ya mbali, kwa mtu aliyesomea macho, si chati ya mtandaoni. Kisha masikio. Kisha usingizi: anakoroma? Analala saa ngapi, na televisheni ikizimwa saa ngapi? Baada ya hapo ndipo tuangalie kusoma kwenyewe. Fanya jaribio hili leo jioni. Mwandikie silabi za Kiswahili, ba be bi bo bu, kisha maneno ambayo hayapo kitabuni mwake, kama *subaki* au *nelomu*. Kiswahili hutamkwa kilivyoandikwa, kwa hiyo hakimfichi mtoto. Akizisoma sawasawa lakini Kiingereza kikamshinda, huenda ni tahajia ya Kiingereza inayomchezea, na hapo wengi tumepita. Akikwama hata kwenye *subaki*, basi kuunganisha sauti na herufi ndiko kunakomsumbua, na huko ndiko kwenye kiini cha ugumu wa kusoma uitwao disleksia. Disleksia haiondolewi mkekani. Inahitaji mwalimu anayemfundisha sauti za herufi hatua kwa hatua, kila siku, kwa subira. Mpeleke akapimwe kwenye kituo cha EARC, kile cha serikali cha kupima mahitaji ya watoto katika kujifunza, au pale KISE, taasisi ya elimu maalum, Kasarani. Foleni ipo, sitakudanganya.

Na mazoezi? Yafanyeni, hayana ubaya, na ni bure. Apige magoti na mikono kama paka. Mwekee mgongoni bakuli la plastiki lenye maji vidole viwili. Ageuze kichwa polepole atazame bega la kulia, ahesabu mpaka tano, arudi katikati, kisha kushoto, viwiko vikiwa vimenyooka. Maji yatamwagika, mtacheka. Mara tano kila upande, kabla ya kuoga. Baada ya wiki kadhaa pengine utamwona anakaa vizuri zaidi mezani na mkono hauchoki upesi. Usimwahidi kwamba atasoma.

Ukitaka kurudi kile kituo, waulize maswali mawili: mtapima nini, na tukifika kipindi cha ngapi bila mabadiliko tutaacha? Wakikunja uso, beba mkoba wako.

Kuhusu machozi yako ya usiku. Watoto wengi hawatambai. Kuna wanaojiburuza kwa makalio, kuna wanaobingirika, na kuna wanaosimama moja kwa moja kama wako, wakakua salama. Idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iliporekebisha orodha yake ya hatua za ukuaji mwaka 2022, kutambaa kulitolewa kabisa. Na upasuaji ulikuletea mtoto mzima, uache upumzike.

Baba Kijana naye, kwa heshima. Hapa Kenya kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na katiba ya 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Lakini hata sheria ikae kando, kiwiko kinachokunjika chenyewe hakiogopi fimbo. Afadhali yeye ndiye ashike bakuli.

Daktari, binti yangu ana miaka sita na bado analowesha kitanda. Jirani amesoma kwamba kuna refleksi ya mgongo, eti lastiki ya nguo ya ndani ikimgusa kiunoni, kibofu kinaachia. Nimenunua nguo zisizo na lastiki. Hakuna kilichobadilika. – Baba wa mmoja, Kawangware

Baba, hongera kwa kuandika. Barua za kitanda huletwa na akina mama tu, kana kwamba godoro ni la mama.

Mwitikio huo upo. Ukimchora kichanga kwa kidole kando ya uti wa mgongo, nyonga huchezea upande uliouchora. Unaitwa Galant, nao hutulia ndani ya nusu ya kwanza ya mwaka. Kwamba ndio unaolowesha kitanda cha mtoto wa miaka sita ni jambo linalorudiwa sana na kuthibitishwa kidogo. Nguo zisizo na lastiki zirudishe dukani kama bado zina risiti.

Wakiwa na miaka mitano, karibu watoto 15 kati ya 100 bado wanalowesha kitanda usiku, na wengi huacha wenyewe mwaka baada ya mwaka. Swali ambalo hakuna aliyekuuliza ni hili: anaenda choo kikubwa mara ngapi? Utumbo uliojaa hukibana kibofu. Nimeona vitanda vikikauka kwa papai, maji ya kutosha mchana na dakika tano za kukaa chooni baada ya chakula cha jioni. Kama aliwahi kukauka kwa miezi sita kisha akaanza tena, au anakunywa maji kupita kiasi, au anaumia akikojoa, mpeleke apimwe mkojo na sukari, na usingoje mwisho wa mwezi.

Shangazi, mtoto wangu ana miezi minane. Alichelewa kulia alipozaliwa, akakaa siku sita kwenye chumba cha watoto. Kichwa kikigeuka kulia mkono unanyooka hivyo hivyo kila mara na hawezi kuuleta mdomoni mpaka nimgeuze. Ngumi zimefungwa, kidole gumba kimo ndani. Nikimvalisha, miguu inakaza kama mkasi. Kukaa bado. Mama mkwe anasema wanaume wa ukoo wao huchelewa. Kadi ya kliniki ninayo lakini tulisimamia chanjo tu. – Mama wa kwanza, Githurai

Mwanangu, barua yako ndiyo niliyoijibu kwa simu kabla ya gazeti kwenda mitamboni, ila ninaichapisha kwa sababu kuna mwingine anayesoma akiwa na mtoto kama huyu mapajani.

Nilichomwambia Mama Kijana kisikuguse. Kwa mtoto wa miaka minane, upinde uliobaki kidogo ni jambo la kutazama. Kwa mtoto wa miezi minane, upinde usiomwachia, ngumi zilizofungwa na miguu inayokaza kama mkasi ni dalili za hatari. Zinaweza kumaanisha ubongo uliumia pale hewa ilipokosekana, na jina ambalo huenda utalisikia ni mtindio wa ubongo. Sisemi ndio. Ninasema aangaliwe wiki hii, na daktari wa watoto.

Mama mkwe msikilize kwa adabu, kisha panda gari. Ukoo hauwezi kufunga kidole gumba ndani ya ngumi.

Beba kile kijitabu cha mama na mtoto. Kina kurasa za hatua za ukuaji ambazo watu huziruka wakitafuta tarehe ya chanjo. Mweleze daktari mambo matatu kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia: alichelewa kulia, siku sita, mkono haufiki mdomoni. Mchukulie video akiwa ametulia na ameshiba, maana mtoto akifika hospitali hulia tu na daktari haoni kitu. Uliza moja kwa moja kuhusu degedege, kusikia na kuona.

Siku hizi wataalamu wanaweza kuutambua mtindio wa ubongo, au hatari yake, hata kabla ya miezi sita. Kwa nini haraka? Kwa sababu ubongo wa mwaka wa kwanza bado unajipanga, na viungo ambavyo havijakakamaa ni rahisi kufundisha. Nina kijana mmoja aliyeletwa kwangu akiwa na miezi saba. Leo anatembea kwa gongo na ananibishia kuhusu mpira. Nina mwingine aliyeletwa na miaka minne, nyonga imeshahama. Mama zao wote wawili waliwapenda sawasawa. Mmoja aliambiwa angoje.

Wakati unasubiri miadi, mbebe akikutazama mbele huku mikono yake yote miwili ukiileta katikati, ishikane, iguse uso wako. Usimvute ngumi kwa nguvu; mpapase mgongo wa kiganja kuelekea kifundo, nayo hulegea yenyewe.

Woka, kile kiti cha magurudumu cha kumtembeza mtoto, ni nzuri au mbaya? Binamu ametuletea moja mpya kabisa. – Mama Pacha, Zimmerman

Mbaya. Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004 kwa sababu watoto walikuwa wakiporomoka nayo kwenye ngazi, na ninyi wa Zimmerman mnakaa ghorofa ya ngapi? Wala haimfundishi kutembea. Inaweza hata kumchelewesha. Mtoto anahitaji sakafu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto ambaye bado hajaanza kusogea alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, zikiwa zimegawanywa. Bedsita ikiwa ndogo, tandika leso juu ya mkeka kati ya kitanda na meko ya gesi iliyozimwa. Woka mshukuru binamu, kisha iweke stoo ipotee.

Mwalimu mwenzangu wa miili, nina watoto 52 wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Kumi hivi hawatulii: wanapiga magoti juu ya kiti, wanaegemea, wanashika penseli kama mwiko. Nikiwaambia inama uandike, makalio yanainuka. Sina therapisti, sina hela. Nifanyeje? – Mwalimu, Kayole

Mwalimu, umeandika sentensi moja ambayo wanafunzi wangu wa chuo hawaioni kwa muhula mzima: akiinama, makalio yanainuka. Kuna mwitikio unaotokea karibu mtoto anapoanza kupiga magoti, miezi sita hadi tisa, na kutulia kabla au karibu na mwaka mmoja. Kichwa kikiinama mikono hukunjika na miguu hunyooka. Kichwa kikiinuka, mikono hunyooka na miguu hukunjika. Mtazame paka akinywa maziwa, kisha akitazama juu ya kabati. Kwa baadhi ya hao kumi huenda masalia yake yapo. Lakini kabla ya kuwaandika jina lolote, pima viti.

Sitanii. Keti kwenye kiti chao uone. Madarasa mengi ninayoingia, viti vilinunuliwa kwa Gredi 4 vikakabidhiwa PP2, na miguu ya watoto inaning'inia hewani. Mtu ambaye miguu yake haigusi chini atajizungushia miguu ya kiti apate pa kujishikilia, hata ungekuwa wewe kwenye stuli ya baa. Kusanya maboksi ya maziwa, yajaze magazeti ya zamani, yafunge kwa gundi ya karatasi mawili mawili, uwawekee chini ya miguu.

Kisha wanaoinua makalio waandike wakiwa wamelala kifudifudi mkekani, viwiko chini, dakika kumi za mwanzo wa somo. Kifua kinabebwa na sakafu, shingo inafanya kazi, mikono inabaki huru. Watano kwa zamu. Wengine watalia wanataka pia. Waache walie, zamu yao itafika.

Penseli ikatwe fupi, urefu wa kidole chako cha shahada. Fupi haishikiki kama mwiko. Chaki zilizovunjika usizitupe, ndizo bora kuliko zote.

Na mapumziko usiyapunguze kwa sababu ya kelele. Michezo ya kuruka bladda, kati, brikicho, kutambaa chini ya madawati kwenda kutafuta bano iliyopotea, humo mna shingo, mabega na macho vikifanya kazi pamoja kuliko kifaa chochote nilicho nacho ofisini. Ukiona mtoto mmoja ambaye hata kwenye mchezo wa kati anaanguka kila siku upande ule ule, au anatumia mkono mmoja na kuuficha mwingine, huyo niandikie tena, peke yake, na uniambie ni upande gani.